"Si wewe uliyemwambia ni uchovu?"

Kaka ametoka chumba cha wagonjwa mahututi jana, nyaya za kusaidia mapigo zimeondolewa, kila mtu anashukuru. Mimi bado nimekwama kwenye benchi la korido na wifi yangu.

"Si wewe uliyemwambia ni uchovu?"

Hakufoka. Aliuliza huku anatafuta chaja kwenye mkoba. Nikajibu, "Nilisema apumzike." Akasema, "Ndiyo. Uchovu." Basi. Tangu siku ile haniiti wifi, ananiita jina.

Na kweli nilisema. Wiki tatu za homa za kuja na kuondoka, shuka linaloa jasho usiku, mimi nikaona kazi zimemzidi. Kumbe bakteria walishajenga kwenye vali yake ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, ambayo tangu azaliwe ina vijani viwili badala ya vitatu, na hakuna aliyejua. Wakaila vali, usaha ukaingia kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya chini vya moyo, jirani kabisa na njia ya umeme wa mapigo. Ndiyo maana mapigo yakaanza kukatika, na dawa peke yake isingetosha tena.

Daktari aliyempasua alipotueleza, ajabu, mimi ndiye niliyemwelewa haraka. Uzi haushiki kwenye kilichooza. Unakata mpaka ufike penye uzima, ndipo unatia kiraka. Kiraka chenyewe ni utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Baada ya hapo ndiyo vali ya bandia. Nilitaka kumuuliza anapiga mishono ya ukubwa gani, nikaona aibu.

Leo nimemsimulia Kaka. Akacheka amekumbatia mto kifuani.

"Wewe ulinitia kiraka cha bluu kwenye suruali ya kijivu, darasa zima likanicheka. Hiki angalau hakionekani."

Akaniambia nisogeze sikio. Tukinyamaza unaisikia vali: tik, tik, kama saa ya mkononi. Wifi alikuwa mlangoni. "Usimchekeshe, ana mishono." Hakusema wifi, hakusema jina. Nimeipima sentensi hiyo njia nzima.

Dripu za antibiotiki zitaendelea hadi wiki ya sita. Dawa ya kuzuia damu kuganda ni ya maisha.

Cherehani nayo inaruka mishono tangu juzi. Nimebadilisha sindano mara mbili, nimetia mafuta, wapi. Sare za kwaya ni Jumamosi, na makoti kumi na moja hayana mikono.