Picha ilikuwa ya mwisho: wanafunzi wangu na wazee wa mkonge

Nafundisha historia katika shule ya sekondari upande wa Muheza, mkoani Tanga, ambako ukichungulia dirishani unaona mkonge mpaka macho yachoke. Wanafunzi wangu wengi ni wajukuu na vitukuu vya manamba, vibarua wa zamani wa mashamba hayo. Siku moja niliwauliza kidato cha tatu neno hilo limetoka wapi, darasa zima likanyamaza. Walichojua ni cha kitabuni: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, ikasalimika 62, na mwaka 1964 nchi yetu ikazalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Miche ilihesabiwa mmoja mmoja. Waliokata majani hawakutajwa hata mmoja. Hilo liliniuma, nikaamua kila Jumamosi ya muhula ule twende kambini, tuwasikilize wazee, tuwapige picha na kuandika habari zao.

Jumamosi ya kwanza iliharibika. Tulimwendea mzee mmoja tukiwa kumi na watatu, simu mikononi, na karatasi ya maswali ishirini niliyoiandaa mwenyewe. Mzee hajamaliza kuitikia shikamoo, picha tatu zimeshapigwa. Alifika mwaka gani? Hakumbuki. Alilipwa kiasi gani? Kidogo. Kisha akauliza yeye: "Wajukuu zangu, hizo picha mnampelekea nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, hata mimi mwalimu wao. Akainuka, akaingia ndani.

Nilirudi kwake peke yangu katikati ya juma, nikamwomba radhi. Picha zilikuwa zimeshafutwa. Akanisogezea kigoda. "Mwalimu," akasema, "mgeni kwanza hukaa."

Tukabadili kila kitu. Wakawa wanakwenda watatu watatu: mmoja anauliza, mmoja anaandika, wa tatu hana kazi nyingine ila kusikiliza. Simu ya kurekodi iliwekwa wazi juu ya mkeka, na kwa ruhusa. Kamera ilikaa mfukoni mpaka mazungumzo yaishe. Karatasi ya maswali niliichana, badala yake kila kundi likabeba kitu kimoja, ama panga kuukuu la kukatia, ama fungu la singa. Vitu hivyo vilifungua vinywa kuliko swali lolote nililowahi kutunga. Bibi mmoja alipopewa singa alianza kuichambua kwa vidole bila hata kuitazama, huku akieleza walivyoianika juani, jinsi utomvu wa majani ulivyowawasha, na harufu ya korona, mashine ya kusaga majani na kutoa singa, iliyong'ang'ania kanga hata uifue mara ngapi. Mzee mwingine alishika panga, akawaonyesha vijana namna ya kufunga tita la majani 30, kisha akawaeleza habari za kipande, kadi ya kuhesabia kazi: siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuandikwa.

Kuhusu miaka tulijifunza kwa bahati. Mzee mmoja mwenyeji wa Kigoma alisimulia kwamba SILABU, ofisi iliyokuwa ikiandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, ilimleta kwa treni mpaka Morogoro, kisha kwa lori mpaka Korogwe. Msichana mmoja akadakia, "Babu, kwa nini lori, na Korogwe kuna reli?" Mzee akajibu, "Reli zilikuwa hazijakutana." Tuliporudi darasani tukapekua, tukakuta njia ya Ruvu hadi Mnyusi, inayounganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga, ilifunguliwa mwaka 1963. Kumbe mzee alikuwa ametupa tarehe bila kutaja tarehe! Tangu hapo hatukuuliza tena "mwaka gani". Tuliuliza Uhuru ulimkuta wapi, na mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha alikuwa kazi gani, nayo 1961 na 1967 ikawa inajileta yenyewe.

Mzee huyohuyo wa Kigoma aliitaja namba yake ya kazi, ile iliyowapa manamba jina lao, bila kusita, baada ya miaka zaidi ya hamsini. Akasema msimamizi hakuwahi kulijua jina lake. Wanafunzi walirudi kimya siku hiyo. Ni wao, si mimi, walioamua kwamba chini ya kila picha lianze jina, liandikwe kama mwenyewe anavyolitamka.

Picha zenyewe tulizipiga kabla ya saa tatu asubuhi, au mtu akiwa kizingitini anatazama nje, kwa sababu jua la mchana huyageuza macho kuwa mashimo meusi. Mwenyewe ndiye aliyechagua mahali. Mmoja alitaka chini ya mwembe alioupanda. Bibi wa singa aliomba abadili kanga, tukamngoja karibu nusu saa, na ninaona picha yake ndiyo bora kuliko zote.

Habari zikishaandikwa tulirudi kuwasomea. Wengi walirekebisha majina ya watu na mahali. Mmoja aliomba tuondoe maneno aliyoyasema juu ya marehemu mkewe. Yalikuwa mazuri mno, na mwanafunzi aliyeyaandika alilia. Tuliyaondoa.

Tulizisafisha picha mjini Tanga, saizi ya posikadi, nakala mbili mbili: moja ya mwenyewe, moja ya shule. Fedha zilitoka kwenye mfuko wangu na michango ya wazazi. Siku ya maonyesho tulitundika picha darasani kwa kamba za katani na vibanio vya nguo, tukawaalika wazee wote.

Yule mzee wa kwanza alikuja. Alikuwa amekubali mwishoni, kwa sharti kwamba tupige mikono tu, uso hapana. Picha ilionyesha viganja vyake vimelala magotini, na kovu la mwiba wa mkonge karibu na kidole gumba. Alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akamwita mvulana aliyeipiga amsomee maandishi ya chini. Mvulana akasoma jina.

"Ongeza na la baba yangu," mzee akasema. "Naye alikata hapahapa."

Mvulana akaenda kutafuta kalamu.