Mbwa, mama na mate yale yale

Mama yangu alikusudia kukaa nyumbani kwangu Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga, kwa muda wa mwezi mzima, akakaa siku tatu, na sababu ya kurudi kwake mapema ilikuwa imefungwa kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Mbwa wetu anaitwa Doria. Tulimchukua angali mdogo baada ya wezi kutuvunjia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mara ya pili tukiwa tumelala humo humo ndani, na nakiri kwamba uamuzi huo niliufanya na mke wangu bila kumshauri mtu yeyote wa upande wangu, kwa kuwa nilijua watakalosema. Mke wangu ni Mpare wa Usangi, Mwislamu kama mimi, ila amekulia mahali ambapo shamba la mahindi lisilo na mbwa huwa ni shamba la nyani. Mimi nimekulia Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, ambako mbwa akikatiza barabarani watoto humtupia mawe na mwanamke aliyetoka kutawadha hukusanya buibui lake na kusimama ukutani hadi apite.

Shangazi ndiye aliyeanzisha vita. Alinikumbusha methali ambayo kila mtoto wa pwani ameisikia, kwamba ukicheza na mbwa atakufuata hadi msikitini, kisha akatangaza kwamba hatakula tena katika nyumba ambayo malaika hawaingii. Mama hakutangaza neno. Alihama tu na kibiriti chake cha uvumba, akaswalia chumbani kwa watoto mlango ukiwa umefungwa, na siku ya tatu akaomba atafutiwe bodaboda.

Nilijitetea kwa vitabu. Nilimweleza mama kwamba Qurani yenyewe, katika Sura ya al-Maida aya ya 4, imehalalisha windo linaloletwa na mbwa aliyefundishwa. Kwamba wale vijana wa pangoni wanaotajwa katika Sura ya al-Kahf walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu yake kizingitini. Kwamba hadithi inayosema mfuga mbwa hupunguziwa thawabu kila siku imewatoa katika hukumu hiyo wenye mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba, na wanazuoni wengi wakalinganisha nao mbwa wa ulinzi. Na kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Maliki hawamhesabu mbwa kuwa najisi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, tangu lini nimekuwa Mmaliki.

Hakuwa na kosa. Pwani yetu hii ni ya madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilikuwa nimeokota kutoka kila kitabu kile kilichonifaa, na mtu aliyelelewa na mwanamke kama mama yangu angepaswa kujua kwamba mchezo huo hautapita. Hata hivyo sikukubali, na mwaka mzima tulibishana kwa simu, kwa ujumbe wa sauti katika kundi la ukoo, na kwa njia ya binamu waliotumwa kunisemesha. Wapo waliosema ninamlisha mbwa nyama ilhali kuna watoto wa ukoo ambao hawajalipiwa ada. Doria hula ugali wa pumba na dagaa, lakini kundi la ukoo si mahali pa kuleta ushahidi.

Ndipo mbwa akamuuma mtoto wa dada yangu.

Mtoto alikuwa na miaka saba, amekuja likizo, akapita karibu mno na sufuria ya mbwa wakati mbwa anakula. Jino liliingia kwenye shavu la mguu. Mama alikuwapo siku hiyo, kwa kuwa tulikuwa na dua ya kumrehemu baba, na kabla sijajua la kufanya alikwisha kumshika mtoto mkono, akamfikisha bombani, akafungulia maji na kuanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Akaagiza udongo. Mke wangu akakataa katakata kutia udongo kwenye jeraha, akaleta kipande cha sabuni ya mche, na pale pale, mtoto akilia na damu ikichirizika, wawili hao wakafanya mjadala mfupi wa fikihi, yaani sheria za dini, ambao sitausahau, hadi mama akakubali kwamba kwenye nyama ya mtu sabuni itasimama mahali pa udongo. Akaosha mara saba, kila mara kwa povu jipya, bila haraka.

Hospitalini tabibu aliuliza kama jeraha limeoshwa. Dada alipomjibu kwamba limeoshwa mara saba kwa sabuni na maji ya bomba, aliinua uso na kusema hilo ndilo jambo la kwanza linalotakiwa: maji yanayotiririka, sabuni, dakika 15 zisizopungua, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate na kuoshwa mapema hupunguza vingi kabla havijaingia kwenye neva na kuanza safari ya kuelekea ubongoni. Kisha akauliza swali la pili, akinitazama mimi. Je, mbwa amechanjwa?

Nilikuwa sijamchanja. Naandika hili wazi kwa sababu nimechoka kusoma maandishi ya wapenzi wa mbwa ambamo mwenye makosa ni jamii isiyoelewa, ni wazee wenye mila, ni majirani wakatili. Mwaka mzima ukoo wetu ulikuwa umebishana juu ya mate ya mbwa kwa ajili ya udhu, sufuria na zulia, na hakuna hata mmoja wetu, mimi mwenye mbwa nikiwa wa kwanza, aliyeuliza juu ya mate hayo hayo kwa ajili ya uhai wa mtoto. Mama, niliyemwona amebaki nyuma, ndiye aliyekuwa na desturi iliyomfaa mjukuu wake. Mimi nilikuwa na aya.

Mtoto alipewa ratiba ya sindano, siku ile, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14, na mimi nikapewa kazi ya kumchunga Doria kwa siku 10, kwa kuwa mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipouma huwa anaugua na kufa ndani ya muda huo. Ninavyojua mimi, hakuna kazi inayomfundisha mtu unyenyekevu kama kuamka alfajiri kumtazama mbwa kama anakunywa maji. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi mno Afrika na Asia, na takriban nne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Takwimu hizi nilizisoma usiku wa siku ya pili. Zingekuwa zimenifaa zaidi mwaka uliotangulia, kwa maana chanjo ya mbwa ilikuja kunigharimu pesa kidogo kuliko nauli za kumpeleka mtoto sindano.

Siku zile kumi, kundi la ukoo lilikuwa na suluhisho jepesi: auawe. Binamu mmoja alijitolea kuleta sumu. Fikra hiyo si ya ukoo wetu peke yake, maana hata halmashauri zetu, malalamiko juu ya mbwa wanaozurura yakizidi, mara nyingi hutuma watu wenye bunduki, na wananchi hushukuru. Mimi napinga, na sipingi kwa huruma tu. Doria angeuawa siku ya kwanza, tusingejua kamwe kama alikuwa mgonjwa. Na mitaani, ukiua mbwa, nafasi yake na jalala lake huchukuliwa na mbwa wengine wasiochanjwa, wakati ukichanja mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa hukosa pa kupita. Anayedhani jambo hili haliwezekani katika jamii ya Kiislamu na aangalie Pemba, kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, ambako kampeni za kuchanja mbwa ziliweza kukata mnyororo wa maambukizi. Hakuna aliyelazimika kumlaza mbwa kitandani. Walimleta kwa kamba, akachomwa sindano, akarudi zake.

Wale wa upande wa pili nao wananikera. Tangu mitandao ianze kujaa picha za mbwa waliovishwa fulana, umezuka mtindo wa kumwita mbwa mwanafamilia, huku mbwa huyo huyo akishinda kwenye banda la mabati saa sita za jua kali bila maji, akifunguliwa usiku awatishe wapita njia. Katika dini niliyofundishwa, mtu alisamehewa dhambi kwa kumteremkia mbwa kisimani na kumletea maji kwa kiatu. Hakuulizwa kama alimpenda. Mbwa wangu si mwanangu. Ananilindia nyumba, nami ninadaiwa maji, chakula, kivuli na chanjo, na hayo manne nilipaswa kuyatimiza kabla ya kufungua kitabu chochote mbele ya mama yangu.

Doria hakuugua. Mtoto alimaliza sindano na sasa anamsalimu mbwa akiwa mbali, mikono nyuma, kama mtu anayepita mbele ya kituo cha polisi. Mama amerejea kulala kwetu, si mwezi, wiki mbili. Bado humwita "huyo mnyama wako", bado anaswalia chumbani kwa watoto, lakini kila akija huomba aoneshwe kadi ya chanjo na kusoma tarehe kwa miwani yake.

Shangazi hajaja mpaka leo. Idi iliyopita nilimpelekea pilau Ngamiani mimi mwenyewe, akanipokea barazani vizuri, akaniombea dua, kisha kabla ya kufungua kifuniko akataka kujua ile hotipoti nyumbani kwangu huwa inakaa wapi.