Ritani yangu ya kodi ilivyokubaliwa baada ya kukataliwa kwa sababu ya binti yangu

Nilipowasilisha ritani ya mwaka 2024 hapa Minnesota, Marekani, nikiwa nimemwandika binti yangu kuwa tegemezi wangu, ilirudishwa siku hiyohiyo kwa maelezo kwamba namba yake ya hifadhi ya jamii (Social Security) ilikwisha kutumika kwenye ritani nyingine. Ana miaka 20, anasoma chuo kikuu muda wote, na alikuwa amepata dola 6,200 kwa kazi ya dukani. Hakulazimika kuwasilisha ritani, kwani kipato chake kilikuwa chini ya dola 14,600, lakini aliwasilisha ili arudishiwe dola 310 za kodi alizokatwa kwenye mshahara, na hiyo ni haki yake.

Tuliifungua ritani yake, yaani fomu 1040, mezani, na kwenye ukurasa wa kwanza tukakuta kisanduku kinachouliza kama kuna mtu anayeweza kumdai kuwa tegemezi. Kilikuwa kitupu. Wengi hudhani kwamba kijana akishapata mshahara huacha kuwa tegemezi, ilhali sheria hutazama kama ana umri chini ya miaka 24, kama alisoma muda wote kwa angalau miezi mitano, na kama hakujigharimia zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Miezi ya bwenini huhesabiwa kuwa yuko nyumbani.

Alijaza fomu 1040-X kurekebisha jibu hilo, na hakupoteza hata senti, kwa kuwa tegemezi husamehewa kodi kwa kiasi cha mshahara wake pamoja na dola 450. Mimi niliituma ritani yangu kwa posta, ikakubaliwa.