Giza si tope: Woman on the Run kwenye diski

Jumapili, usiku.

Taa zimezimwa, diski imo ndani ya deki, na kabla picha haijatokea ninakumbuka kwamba filamu hii nusura ipotee moja kwa moja. Norman Foster aliiongoza mwaka 1950. Ann Sheridan ni Eleanor, mke anayemsaka mumewe San Francisco nzima: mume alikuwa akimtembeza mbwa usiku, akashuhudia mtu akiuawa, akawakimbia polisi waliotaka awe shahidi. Dakika 77 tu, na hakuna hata moja iliyopotezwa.

Nakala ya sinema iliyokuwa ikijulikana Marekani iliteketea katika moto wa studio za Universal, Juni 2008. Eddie Muller na wenzake wa Film Noir Foundation, taasisi inayookoa filamu za noir (zile za uhalifu zenye vivuli vizito), hawakukata tamaa, na Uingereza, katika hifadhi ya BFI, taasisi ya filamu ya nchi hiyo, kulikuwa na mikanda ya kati ya milimita 35. Hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, ikaifanyia kazi hadi 2015, na mwaka uliofuata ikatoka kwenye Blu-ray na DVD.

Hiyo mikanda ya kati ndiyo siri ya kila kitu. Negativi iliyopita ndani ya kamera huzaa chanya yenye chembe ndogo, chanya hiyo huzaa negativi ya pili, na hapo ndipo hutoka nakala za kuoneshwa ukumbini. Kila kizazi kinapunguza kitu. Weupe unakuwa mkali, weusi unameza vilivyomo ndani yake. Ukinakili tena kutoka nakala ya ukumbini, halafu tena kwenye kanda ya video, koti jeusi na ukuta ulio nyuma yake vinakuwa doa moja. Wengi walioonja sinema za noir kwa nakala za namna hiyo wanaamini ndivyo zilivyopigwa. Sivyo. Mpigapicha Hal Mohr aliweka tabaka ndani ya giza: ukingo wa kofia, unyevu wa ngazi, nusu ya uso. Kazi ya wakarabati ni kuyatenga tena matabaka hayo.

Kinachoniuma ni kwamba kazi ya miaka inaweza kuharibiwa sebuleni kwa rimoti.

Kosa kubwa halionekani kwenye menyu ya picha. Liko kwenye HDMI, waya unaounganisha deki na TV. Kwenye kipimo cha mwanga cha 0 hadi 255, diski huweka weusi kwenye namba 16 na weupe kwenye 235. Deki ikitanua kuwa 0 hadi 255 huku TV ikisubiri 16 hadi 235, TV inakata sehemu ya chini na vivuli vyote vinamezwa. Ikiwa kinyume, weusi unakuwa majivu. Weka pande zote mbili kwenye kipimo cha Limited (16 hadi 235), kisha usiguse tena.

Halafu chagua hali ya Cinema au Filmmaker, rangi kwenye Warm ili weupe usiwe na ubuluu, na Sharpness ishushwe hadi sifuri au karibu yake. TV nyingi zikiongezewa ukali huchora mstari mweupe pembeni mwa kila kitu cheusi, na noir imejaa kingo nyeusi. Zima kinacholainisha mwendo. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, basi deki nayo itoe 24. Zima pia kipunguza chembe. Zile chembe zinazochemka hewani si uchafu, ni madini ya fedha yaliyokuwa kwenye mkanda wenyewe, na ukizifuta uso wa Sheridan unakuwa nta.

Mistari myeusi ya pembeni iache. Picha ni 1.37 kwa 1, kwa hiyo kwenye kioo cha 1920 kwa 1080 inachukua upana wa takriban 1480, na kila upande unabaki na 220. Ukiivuta ijae, ama unamkata mtu kichwa ama unamnenepesha.

Kuhusu kununua: diski hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia ambako zinachezeka; Blu-ray za Afrika Mashariki ni kanda B, sawa na Uingereza. DVD ndiyo inayochanganya, maana sisi ni kanda 5 na Uingereza ni 2, hivyo soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa. DVD ya PAL, mfumo wa video unaotumika Uingereza, huiendesha filamu kwa fremu 25, dakika 77 zinakuwa kama 74, na sauti zinapanda kidogo. Blu-ray haina tatizo hilo.

Kipimo changu ni mwanzo kabisa, lile tukio la usiku. Simamisha picha mume anaposimama gizani. Nguo ikitengana na usuli, umeweka sawa. Ikiwa haitengani, rudi kwenye HDMI kabla ya kupandisha mwanga, kwa sababu mwanga utaleta ukungu tu.

Sehemu ya mwisho, kule kwenye kigari cha burudani kinachopanda na kushuka relini, ilipigwa gatini Ocean Park, Santa Monica, mamia ya kilomita kusini mwa San Francisco. Hapo zima madoido yote ya sauti. Sauti ya filamu ni mono, yaani ya mkondo mmoja: acha itoke katikati, na kishindo cha magurudumu kitayafunika maneno pale tu palipokusudiwa.