Majani Sita Zaidi

Mwaka 1989 baba, aliyekuwa mwalimu, alihamishwa kutoka Kitale hadi Yatta, Ukambani. Kwenye lori, katikati ya vitanda na kuku, akapakia mbegu yake ya mahindi, aina ya 614. Jirani, mzee mpole, alimwonya mapema: "Mwalimu, huku tunapanda Katumani." Baba akacheka. Katumani kwake ilikuwa mahindi ya shida, mafupi, gunzi linaenea kiganjani.

Sisi na mzee tulipanda wiki moja, mvua za vuli zilipoanza. Kufikia Desemba mahindi yetu yalimpita baba kimo. Mimi nilikuwa nafukuza tumbili, na kwa kuchoka nikaanza kuhesabu majani. Katumani ya mzee: kumi na matatu, juu mbelewele, ua lake la kiume, imekwisha funguka, nyuki wamejaa. Yetu: kumi na tisa, na jingine linachungulia. Nikampigia mzee kelele ng'ambo ya ua kwamba tumemshinda kwa majani sita, kisha nikakimbia kumwambia baba.

Baba hakucheka. Alichukua kisu akapasua bua kuanzia juu. Ndani kabisa, mbelewele ilikuwa imekunjwa katika majani machanga, nyeupe, laini, haizidi kidole changu. Akaitazama, kisha akatazama mbingu.

Nilikuja kuelewa nilichokihesabu nilipofika chuo kikuu. Ncha ya bua hutengeneza majani tu mpaka iamriwe kugeuka mbelewele, na kwa mahindi amri hiyo haitoki kwa jeni moja. Ni makumi ya jeni, nyingi zikisogeza wakati wa kuchanua kwa siku moja tu au chini ya hapo. 614 ina damu ya Ecuador 573, mahindi ya milima ya Ecuador yaliyochanganywa na ya Kitale katika miaka ya 1960. Kitale, karibu mita 1,900 juu ya bahari, kuna ubaridi na mvua ya miezi mingi. Mmea usio na haraka ndio unaojaza gunia. Katumani ilichaguliwa Machakos kwa kazi moja: kuchanua kabla mvua haijakata. Zile jeni alizozidharau baba ndizo zilizokuwa na akili ya mahali pale.

Mvua ilikata kabla ya Krismasi. Mbelewele zetu zilitoka Januari zikamwaga chavua, lakini ndevu za magunzi, zinazoipokea, zilikwama kwa kiu; zilipochomoza, chavua ilikwisha peperuka. Tulivuna magunzi yenye punje tatu nne, kama meno ya ajuza. Mabua wakala ng'ombe wa mzee.

Machi mzee akatuletea debe la Katumani. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Mzee akanigeukia: "Yangu yalikuwa majani mangapi vile?"

"Kumi na matatu, babu."

"Basi hesabu tena safari hii," akasema, akaenda zake.