Alasiri Nyayo Gardens

Jua la Februari hapa Nakuru ni kali, kwa hiyo Jumamosi niliwahi kivuli Nyayo Gardens. Tangu mji uwe jiji Desemba 2021 majengo yanaongezeka, nami naithamini zaidi bustani hii: asiye na pesa ya hoteli anakaa bure, anapumzika, anatazama watu.

Wachuuzi wa njugu walipita, mhubiri naye akaanza. Macho yangu yalibaki kwa mpiga picha mmoja mzee. Mtoto wa sare mpya alikuwa amenuna kabisa. Mzee akachuchumaa: "Mwalimu wako anaitwa nani?" Uso ukachangamka, akampiga picha hapo hapo. Ustadi huo naupenda sana!

Mama mtu akafurahi. "Mzee, nitolee na nyingine ya nyanyake kule Molo."