Nilivyowasomea watoto kitabu cha behewa

Kitabu chenyewe ni The Boxcar Children, yaani watoto wa behewa, cha Gertrude Chandler Warner. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha kwanza, Kiingereza changu cha kuungaunga, na nikakimaliza. Nikajiona kichwa kweli. Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba mwandishi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo huko Marekani, na hadithi aliyoitoa mwaka 1924 aliiandika upya mwaka 1942 kwa maneno machache mepesi ili wanaoanza kusoma waimudu. Basi.

Mwaka jana dada yangu alihamishwa kikazi, akaniachia wanawe wawili hapa Chuno, Mtwara. Pamoja na wangu wakawa wanne, sawasawa na wa kitabuni: Henry, Jessie, Violet na Benny, yatima wasio na pa kukaa. Umeme ukikatika hakuna katuni, kazi yao ni kugombana. Usiku mmoja nikawasha tochi ya simu, nikatoa kitabu.

Nilianza kwa Kiingereza. Hazikupita dakika tano, kitindamimba akawa anakoroma. Usiku wa pili nikabadili: napitisha jicho ukurasani, naweka kidole, nasimulia kwa Kiswahili. Hapo tukaenda. Tukafika duka la mikate, watoto wamepewa mabenchi ya kulalia, halafu wanamsikia mke wa mwenye duka akipanga kuwabakiza wakubwa na kumpeleka Benny kwenye kituo cha watoto. Binti wa dada yangu akaupapasa mkono wa mdogo wake gizani, akaushika. Mimi nikageuza ukurasa.

Wa kitabuni wanatoroka, na msituni wanakuta behewa la treni wanalolifanya nyumba. Behewa hilo lilinitoa jasho. Treni hawajaiona hata mmoja wao. Ila konteina wanazijua, zinapita kwenda bandarini, na fundi simu wetu anafanyia kazi ndani ya moja. Nikawaambia ni konteina kuukuu lenye magurudumu ya chuma, limetupwa msituni. Kesho yake wakampelekea habari jirani yetu mzee.

"Shikamoo babu. Eti umewahi kuona treni?"

"Marahaba. Nimeiona Nachingwea, nikiwa mdogo kuliko wewe."

Akawapa kisa chote: Waingereza walivyokuja na mradi wa karanga mwaka 1947, wakajenga bandari hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, mradi ukafa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa miaka ya sitini na kung'olewa. Tangu siku hiyo behewa la kitabuni likawa, kwao, moja lililosahauliwa na watu wa karanga. Sikuwasahihisha.

Kumbe kazi ilikuwa kwa babu. Watoto wa kitabuni wanajificha kwa sababu wanamwogopa babu yao. Wangu wakacheka. Babu gani anaogopwa? Babu ni wa utani, anakuita mchumba, anakuibia kipande cha muhogo. Nikajaribu ujanja, nikamgeuza kuwa mjomba. Sisi huku kusini mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, nikadhani itaingia. Mkubwa akanikatisha: "Mjomba mwenye jumba kubwa hivyo, na mama yao hakuwahi kuwapeleka likizo?" Nikashindwa, nikamrudisha babu, safari hii nikieleza kama kilivyo kitabu: ni mzaa baba, na hakumpenda mama yao, kwa hiyo wanaona na wao hatawapenda. Kimya. Hilo walilielewa bila maelezo. Kila ukoo una mkwe asiyetakiwa.

Kilichobaki kilikwenda chenyewe. Jessie anahifadhi maziwa kwenye shimo la mwamba nyuma ya maporomoko madogo, nao wakataka kujaribu kwa mtungi. Benny anaokota jalalani kikombe cha pinki chenye ufa. Kesho yake kitindamimba wetu akakataa kunywa uji mpaka apewe kile cha plastiki kilichopasuka mdomo, nilichokuwa nachotea unga.

Usiku wa mwisho babu alionekana mwema, akawachukua, akalihamishia na lile behewa uani kwake. Wakapiga makofi. Nikazima tochi nikijua tumemaliza.

"Mama mdogo," sauti ikatoka chini ya neti, "na bibi yao mzaa mama ameshaambiwa kwamba wamepatikana?"